Kisanduku namba 13

Karatasi yenyewe inaitwa DD-214. Kila askari wa Marekani hupewa anapomaliza utumishi, na kwa maisha yake yote yaliyobaki hiyo ndiyo itakayomsemea. Mpwa wangu aliiweka mezani kwangu, Tandika, jioni moja ya mwaka 2022. Baada ya shikamoo na marahaba hakusubiri hata chai. "Mjomba, soma kisanduku namba 13, halafu shuka usome namba 18."

Kisanduku namba 18 ni cha maelezo ya ziada. Kilieleza kwamba alikuwa Iraq tangu Oktoba 2006 hadi Desemba 2007. Namba 13 ndipo panapoorodheshwa nishani, medali, beji na tepe. Medali ya kampeni ya Iraq ilikuwepo, pamoja na ile ya ulinzi wa taifa wanayopata karibu wote waliotumikia miaka ile. Basi. Lori lililolipuka chini yake halikuwa na alama yoyote pale, wala milio ya risasi iliyofuata.

Nimefanya kazi masijala ya serikali kwa miaka 24 kabla ya kustaafu, na ninajua jalada linavyomgeuka mwenyewe. Folio moja ikikosekana, anayeonekana mwongo ni yule anayesimulia kilichokuwa ndani yake. Ndiyo maana nilikubali kumsaidia, na ndiyo maana naandika kisa hiki kwa urefu: wapo Waswahili wengine waliovaa sare ile wakarudi nyumbani, na wengi wao hawajawahi kukisoma kisanduku hicho mara ya pili.

Mtaani wanamwita Sajenti, nami nitamwita hivyo. Alikwenda Marekani kwa bahati nasibu ya viza, akajiunga na jeshi la nchi kavu mwaka 2005 akiwa na kadi ya ukaazi tu, akapangiwa udereva wa malori. Sheria ya kule inamruhusu askari anayetumikia wakati wa vita kuomba uraia bila ada, naye akaomba akapewa. Kwa kuwa Tanzania haina uraia pacha, leo anaishi kwa kibali katika nyumba aliyozaliwa. Sebuleni kwa mama yake, ambaye ni dada yangu, kuna fremu yenye medali ya vita vya Kagera ya marehemu shemeji, aliyekuwa JWTZ. Sajenti amekua akiitazama fremu ile. Aliponiambia kwamba hataki pesa, anataka karatasi iseme ukweli, nilimwamini bila kumuuliza swali la pili.

Tukio lenyewe ni hili. Machi 2007, kaskazini ya Baghdad, lori lake lilikuwa la tatu kwenye msafara. Bomu lililotegwa kando ya barabara likalipuka upande wa dereva. Alizimia, kwa muda gani hajui. Alipozinduka msafara ulikuwa unapigwa risasi. Akajibu mashambulizi, kisha akamtoa mwenzake aliyekuwa kwenye bunduki ya juu, mguu umevunjika. Tabibu wa kikosi alimmulika macho na kumpa dawa ya maumivu. Siku mbili baadaye, kwa sababu alikuwa anatapika na kuyumba, alipelekwa zahanati ya kambi, daktari akamwandikia mapumziko ya saa 72. Baada ya hapo alirudi kwenye usukani.

Luteni wake alimwambia, "Nitakuandikia pendekezo la medali." Kisha luteni akahamishwa. Mwaka 2009 Sajenti akamaliza mkataba, akasaini DD-214 kwa haraka ya mtu anayewahi ndege, akaiweka kwenye bahasha.

Kosa la kwanza katika kisa hiki ni letu wenyewe. Tulijua kwamba iko Bodi ya Kurekebisha Kumbukumbu za Jeshi, chombo cha raia kilichowekwa kwa sheria ya Bunge la Marekani, na kwamba maombi yake hufanywa kwa fomu DD-149, bila malipo. Tukaijaza. Tukaambatisha barua ya kurasa 11, picha za lori, picha ya Sajenti na wenzake, na maneno mengi ya uchungu. Mambo yote aliyoyadai tukayatia humo kwa pamoja. Miezi ikapita. Jibu lilipokuja lilikuwa ukurasa mmoja: ombi linarudishwa bila kusikilizwa, kwa sababu mwombaji hajapita kwanza katika ofisi zenye mamlaka ya kurekebisha bila kuisumbua Bodi.

Sajenti aliichukulia kama kofi. Mimi nilicheka kidogo kwa kuijua lugha ile, kisha nikajuta kucheka, maana mwenzangu alikuwa anaumia. Nikamweleza: hawajakataa. Wamesema umegonga mlango wa mwisho kabla ya wa kwanza. Hata sisi masijala, barua ya mtu aliyeruka ngazi ilirudi ilikotoka hata kama madai yake yalikuwa ya kweli kabisa.

Tukatandika jamvi sebuleni kwa dada, tukaanza upya. Ninaloliona kuwa kiini cha kisa chote ni kazi ya ile Jumapili moja, kuligawa dai. Tulikuwa tunalitazama kama kitu kimoja, "nishani zangu zimepotea". Si kitu kimoja. Kila nishani ina mlango wake na ushahidi wake, na ukizifunga pamoja ile dhaifu inaziangusha zenye nguvu.

Fungu la kwanza lilikuwa la vitu visivyohitaji uamuzi wa mtu yeyote. Medali ya kampeni ya Iraq huvaliwa na nyota ndogo ya shaba kwenye utepe kwa kila awamu ya kampeni askari aliyoshiriki. (Isichanganywe na nishani iitwayo Bronze Star, ambayo ni jambo jingine na kubwa zaidi. Nimewaona watu wakidai nyota hiyo ndogo kwa jina la ile kubwa, na ombi zima likaanza kutiliwa shaka.) Jeshi limezigawa awamu hizo kwa tarehe: moja ilikwisha 9 Januari 2007, inayofuata ikaanza kesho yake, 10 Januari, hadi 31 Desemba 2008. Sajenti aliingia Oktoba 2006 akatoka Desemba 2007, kwa hiyo amegusa awamu mbili, na nyota ni mbili. Hakuna shahidi anayehitajika hapo. Kisanduku 18 cha karatasi ileile ndicho shahidi.

Humohumo tuliweka utepe wa utumishi wa ng'ambo na nishani ya pamoja ya kikosi chake. Hii ya kikosi hutangazwa kwa amri ya jumla ya jeshi, mara nyingi miaka kadhaa baada ya tukio, wakati askari wengi wamekwisha kwenda makwao. DD-214 ya mtu aliyetoka kabla ya tangazo haiwezi kuwa nayo, na hakuna atakayemtafuta kumwambia. Tuliipata amri, tukapigia mstari jina la kikosi na tarehe, tukaambatisha karatasi ya uhamisho inayomwonyesha akiwa humo siku hizo.

Fungu hili tulilituma kama ombi la masahihisho ya kiuandishi, barua ya nusu ukurasa. Hawakuuliza kitu. Baada ya miezi kadhaa ikaja DD-215, karatasi inayotolewa kusahihisha DD-214. Wengi hutarajia DD-214 mpya. Kwa kawaida ile ya zamani haiguswi, hii hubandikwa juu yake na kutembea nayo. Ukitoa nakala ya moja bila nyingine umeutoa ukweli nusu.

Fungu la pili lilikuwa zito. Humo tuliweka vitu viwili: Combat Action Badge, beji ya askari aliyeshambuliana na adui ana kwa ana, na Purple Heart, nishani ya aliyejeruhiwa na adui.

Beji hiyo iliwekwa mwaka 2005, ikarudishwa nyuma kuhesabu matukio tangu 18 Septemba 2001. Kabla yake, dereva wa lori aliyepigana vilevile na mtu wa miguu hakuwa na beji ya kuonyesha hivyo, kwa sababu beji ya zamani ilikuwa ya askari wa miguu. Sharti lake ni kwamba uwe ulikuwepo wewe mwenyewe, ukishambulia au ukishambuliwa. Kuwa karibu na mlipuko uliousikia tu hakutoshi.

Purple Heart ina asili ndefu. George Washington alianzisha beji yake ya zamani mwaka 1782, ikalala kwa muda mrefu, ikafufuliwa mwaka 1932. La maana kwa mwombaji ni kwamba nishani hii haipendekezwi. Haitegemei ujasiri wala moyo mwema wa kamanda. Ukitimiza masharti ni haki yako: jeraha limetokana na adui, limehitaji tiba ya mtaalamu wa tiba, na tiba hiyo imeandikwa. Sharti la tatu ndilo lililotutesa.

Jeraha la Sajenti halikuwa na damu. Mtikisiko wa ubongo uliosababishwa na mlipuko wa adui ulikuwemo kwenye kanuni tangu zamani, lakini makamanda waliupima kila mmoja kwa jicho lake. Aprili 2011 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ikaweka kipimo cha wazi: askari awe amezimia, au awe amezuiwa na mtaalamu wa tiba kufanya kazi zake kamili kwa zaidi ya saa 48 kwa sababu ya dalili za mtikisiko huo. Kipimo hicho kinarudi nyuma hadi 11 Septemba 2001. Saa 72 ni zaidi ya 48. Kama tungeweza kuonyesha saa 72 zile, tulikuwa na kesi.

Ofisi inayoshughulikia mambo haya iko Fort Knox, Kentucky, na inataka maelezo ya mashahidi wawili waliokuwepo, mbali na mwombaji. Wenzake tuliwapata kupitia kundi lao la simu. Yule aliyetolewa kwenye lori alikuwa wa kwanza kujibu. Nikaandaa maswali badala ya maelezo, nikamkataza Sajenti asiwaandikie cha kusema, maana maelezo mawili yanayofanana maneno ni mabaya kuliko kutokuwa nayo. Mmoja alikumbuka saa ya mlipuko, mwingine alikumbuka kwamba Sajenti aliuliza swali lilelile mara nne wakiwa njiani kurudi kambini. Hilo la pili ndilo lililonishika mimi. Mtu hatungi kitu kama hicho.

Kuhusu viapo, tulipoteza nauli na ada ya kamishna wa viapo mjini kabla ya kujua kwamba sheria ya Marekani inakubali tamko lililosainiwa bila kuapishwa, mradi liseme kwamba mtoa tamko anajua uongo wake ni kosa la jinai. Anayesaini nje ya nchi huongeza kwamba anatamka chini ya sheria za Marekani. Nyongeza hiyo ndogo ilimhusu Sajenti aliye Temeke; wenzake walioko kule haikuwahusu. Na jina: andika lile lililo kwenye DD-214, kwa mpangilio uleule, hata kama Temeke nzima haikujui kwa jina hilo. Sajenti ana majina matatu, kule la katikati limebaki herufi moja, na hapo ndipo fomu ya kwanza ilipoanza kuchelewa.

Jibu lilikuja nusu kwa nusu. Beji, ndiyo. Purple Heart, hapana, kwa kukosa kumbukumbu ya tiba. Walikuwa sahihi. Mashahidi wanaweza kuthibitisha kwamba bomu lililipuka. Hawawezi kuthibitisha kwamba daktari alitibu.

Lakini karatasi ya daktari ilikuwa wapi? Sajenti aliapa kwamba jalada lake lote tulikwishaliomba na hiyo karatasi haimo. Usiku mmoja umeme umekatika, tukiwa na taa ya simu, nikamuuliza jambo ambalo ningepaswa kumuuliza mwaka mzima nyuma: jalada la utumishi na jalada la matibabu kule hukaa pamoja? Sisi hapa faili la mtumishi na faili la hospitali havijawahi kulala kabati moja. Hata kule havilali pamoja. Kwa jeshi la nchi kavu, tangu Oktoba 1992, kumbukumbu za tiba za anayetoka hupelekwa Idara ya Mashujaa Wastaafu, siyo hifadhi ya majalada ya utumishi. Tulikuwa tumechimba kisima kwenye kiwanja cha jirani.

Nitaje hapa moto wa St. Louis, maana kila anayeanza safari hii husikia habari zake na wengine hukata tamaa bure. Hifadhi ya taifa ya majalada ya wanajeshi iliungua 12 Julai 1973, na majalada kati ya milioni 16 na 18 yakateketea. Yaliyoathirika ni ya jeshi la nchi kavu kwa waliotoka kati ya mwaka 1912 na 1960, na ya jeshi la anga kwa waliotoka kati ya 1947 na 1964, hayo ya anga yakiwa ya sehemu tu ya alfabeti. Aliyetumikia Iraq hahusiki kabisa. Akiambiwa kwamba faili lake liliungua, aombe aandikiwe.

Jalada la tiba lilifika likiwa na kurasa zaidi ya 200. Nililisoma ukurasa kwa ukurasa kwa siku tatu, miwani ikipanda ukungu. Ukurasa wa siku ya mlipuko ulikuwepo, umesainiwa na tabibu wa kikosi: mlipuko, aliripoti kuzimia kwa muda mfupi, maumivu ya kichwa. Nikaruka kwa furaha, kisha nikasoma kanuni tena nikakaa chini. Tabibu wa kikosi wa kawaida hahesabiwi kama mtaalamu wa tiba kwa ajili ya nishani hii. Ukurasa wa siku mbili baadaye ulisainiwa na daktari: kichwa, kichefuchefu, kuyumba, mapumziko saa 72. Daktari ana saini inayotakiwa, lakini neno "mlipuko" hakuliandika. Ukurasa mmoja una sababu bila daktari, mwingine una daktari bila sababu.

Hapo ndipo Bodi ilipokuwa mlango sahihi. Tulikwishapita ofisini, tukajibiwa, na sasa tulikuwa na karatasi mpya pamoja na swali linalohitaji kupimwa na watu. Humo tukatia pia medali ya mwenendo mwema, ambayo hupewa askari kwa miaka mitatu isiyo na doa. Jalada lake halikuwa na adhabu hata moja wala barua ya kamanda inayomnyima.

Ukomo wa muda ulinitia hofu. Sheria inatoa miaka mitatu tangu mwombaji agundue kosa, na Sajenti alisaini DD-214 mwaka 2009. Alitaka tuandike kwamba aligundua mwaka 2022. Nilikataa, tukazozana mpaka dada akaingilia kati. Karatasi aliisaini mwenyewe. Kusema hakuiona kungeitia doa kila sentensi iliyofuata. Bodi ina mamlaka ya kusamehe ucheleweshaji kwa maslahi ya haki, na hilo ndilo tuliloomba, tukieleza kwamba kipimo cha 2011 kilitoka akiwa amekwisha kuacha jeshi na hakuna aliyemjulisha.

Bodi huanza kwa kudhani kwamba jeshi liliandika sawasawa. Mzigo wa kuonyesha vinginevyo ni wa mwombaji, kwa mizani ya uwezekano, kama kesi ya madai ya kwetu. Hatukuitwa, kusikilizwa ana kwa ana ni hiari yao na hutokea mara chache. Lakini kabla ya uamuzi walitutumia maoni ya kitaalamu waliyopokea, ili tuyajibu. Maoni yalisema mapumziko ya saa 72 yalikuwa ya maumivu ya kichwa yasiyojulikana chanzo. Safari hii barua yetu ilikuwa na aya tatu: ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili, saa 48 baina yao, dalili zilezile, na shahidi wa swali lililoulizwa mara nne. Hakuna neno la uchungu. Sajenti aliisoma akasema, "Mjomba, hii haina moyo." Nikamwambia moyo aniachie mimi, wao awape tarehe.

Sheria inaitaka Bodi imalize maombi 9 kati ya 10 ndani ya miezi 10, na yote ndani ya miezi 18. Letu lilikaa miezi 13. Watu watatu walikubaliana: ucheleweshaji umesamehewa, medali ya mwenendo mwema iongezwe, Purple Heart iongezwe.

Mtaani habari ikageuka kuwa kwamba Sajenti amepata mamilioni. Hapana. Purple Heart haina mshahara wa mwezi. Inampa mbeba nishani nafasi ya mbele katika hospitali za mashujaa wastaafu kule Marekani, na tangu Agosti 2018 inampa aliyetoka kwa heshima haki kamili ya ada za masomo hata kama alitumikia muda mfupi. Sajenti kwa miaka yake minne alikuwa nayo tayari. Faida yake ya kweli kwake iko kwenye maumivu ya kichwa ambayo hayajamwacha tangu 2007. Sasa chanzo chake kimeandikwa, na maradhi yakikubaliwa kuwa yametokana na utumishi, upo mpango wa idara ile unaorejesha gharama za kutibiwa nje ya Marekani, Dar es Salaam ikiwemo. Dai hilo ni jalada jingine, tunaliandaa.

Limebaki fungu la tatu, lenye kitu kimoja, ambalo kwa Sajenti lina uzito kuliko yote: medali aliyoahidiwa na luteni kwa kumtoa mwenzake. Hii ni nishani ya hiari. Bila pendekezo lililoandikwa haipo, na ahadi ya mdomo, hata iwe ya kweli kiasi gani, Bodi haiwezi kuigeuza kuwa amri. Muda wa kawaida wa mapendekezo umekwisha, lakini sheria imeacha njia moja: pendekezo jipya liandikwe na ofisa aliyekuwa juu yake na aliyelijua tukio, likipelekwa na mbunge wa Marekani ili lipimwe kana kwamba limekuja kwa wakati. Kwa hiyo tulihitaji luteni.

Tulimtafuta kwa mwaka mmoja. Mwezi uliopita amejibu. Si mwanajeshi tena. Anakumbuka barabara, anakumbuka kwamba lori lilikuwa la tatu, anakumbuka ahadi, na jina la mpwa wangu ameliandika kwa kukosea herufi moja. Tumemtumia fomu tupu ya pendekezo pamoja na jina lililoandikwa sawasawa.